Kibuyu cha Bomet na Jibini ya Ulaya

Sisi wa pwani maziwa mabivu twayajua, lakini mursik ya Wakipsigis wa Bomet ni namna nyingine. Kibuyu huoshwa, kikasuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet hata mkaa ukashika, ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupozwa yakatiwa, yakafunikwa siku kadhaa. Hutoka ya kijivu, yenye harufu ya moshi. Wala hayatiwi kigandisho cha tumbo la ndama kama jibini nyingi za Ulaya, kile kitufanyacho Waislamu tuulize mnyama alichinjwaje.

Lakini kwa jambo moja Wafaransa wametushinda. Tangu 1925 sheria yao yasema jibini isiyoivia katika mapango ya Roquefort haiitwi Roquefort. Mfugaji wa kondoo wa huko basi apata bei ya jina juu ya bei ya maziwa. Wa Bomet apimiwa lita tu, kiwanda cha Sotik kikiwa jirani.

Kenya nayo ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, na kaunti zikatakiwa ziweke daftari. Mursik yastahili kuandikwa humo pamoja na mti wake, na kina mama waisuguao vibuyu watajwe kuwa ndio wenyewe, kabla mfanyabiashara wa mjini hajatia unga wa mkaa katika mtindi wa chupa akauita jina hilo.