Daftari la Wiki: Picha za Nyumbani na Wasimulizi Wake

Katika nyumba za Section 58, na za mitaa jirani iliyo upande huu wa mashariki wa Nakuru, ilikuwapo desturi ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha adabu, walakini kila mtu aliijua: mgeni akisha kuketi juu ya kochi lililotandikwa kitambaa cha kufuma, na kabla chai haijatokota jikoni, hupewa albamu. Hakuulizwa kama anaitaka. Iliwekwa mapajani mwake kuwa ni haki yake, na mwenye nyumba akaenda zake kushughulika na sufuria, akipaza sauti kutoka huko kila aliposikia ukurasa umefunuliwa: "Huyo ni shemeji wa Molo, yule aliyekuwa reli", "Hapo ni siku ya ubatizo, mvua ilitunyeshea mpaka keki ikaloa." Mgeni mwenye staha hakufunua kurasa mbili kwa pamoja, wala hakuipita picha ya marehemu bila ya kutua kidogo, na aliyetaka kupendwa zaidi alijua kuuliza, "Na huyu mwenye kofia ni nani?", maana swali hilo aghalabu ndilo lililofungua habari ambayo picha yenyewe haikuwa na uwezo wa kuinena.

Mpangilio wake nao ulikuwa na siasa yake. Harusi ilitangulia, watoto wakafuata, kisha mahafali. Na nyuma kabisa, zimechomekwa tu baina ya jalada na ukurasa wa mwisho, zikakaa picha ambazo hazikupata makazi kwa sababu ya aibu au ugomvi. Mimi nilizipenda hizi za nyuma. Hata pale palipobaki alama ya gundi pasipo na picha palikuwa na mengi ya kusemwa, lakini hapo mgeni haulizi.

* * *

Wapiga picha wa zamani hawakuona haya kuusaidia ukweli. Mteja aliyesimama mbele ya kamera pale Nyayo Gardens mjini, suti ameazimwa na saa ameazimwa, hakuja kupigwa picha jinsi alivyo bali jinsi atakavyokuwa Mungu akipenda. Pwani sanaa hiyo ilifika mbali zaidi. Huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha alizozipiga yeye na mwanawe baada yake zimekuwa hazina ya nyuso za visiwa vile. Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akizikata sura za wateja wake na kuzipachika ndani ya picha nyingine, hata mtu akajiona mahali ambapo mguu wake haukupata kukanyaga. Na Likoni, karibu na kivuko, katika miaka ya 1990 wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa majumba na meli, ili kibarua aliyetoka bara apeleke kwao ithibati kwamba safari yake haikuwa ya bure.

Wako wanaoziita picha hizo uwongo. Sikubaliani nao. Mama aliyepokea picha ya namna hiyo hapa Bonde la Ufa alijua fika kwamba mwanawe hana jumba wala meli. Alichokitafuta ni mashavu, kama yamejaa au yamebonyea, na mapazia yote ya Likoni hayakuweza kumficha hilo.

* * *

Si kila mtu, hata hivyo, aliyekwenda mbele ya kamera kwa ridhaa yake. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuitekeleza sheria ya kipande baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika abebe hati yenye alama za vidole vyake ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na ikaridhika na vidole hivyo. Picha ilikuja na vitambulisho vya baadaye, na wanawake hawakuandikishwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo sababu wazee wengi wa mashamba ya huku, waliovuna pareto na kukamua ng'ombe wa watu maisha yao yote, wameacha duniani taswira moja tu: ya kitambulisho, macho makavu, shingo imenyoshwa kwa amri ya karani.

Siku ya mazishi taswira hiyo hukuzwa, hutiwa rangi, hupambwa mawaridi pembeni, na kuwekwa kwenye jalada la kijitabu cha mazishi. Nathubutu kusema kwamba kijitabu hicho ndicho jarida la picha lenye wasomaji waaminifu kupita yote katika mji wetu. Hugawiwa bure, husomwa tangu jalada hata jalada ibada ikiendelea, huzua manung'uniko ya siri kuhusu nani ameachwa na nani ametangulizwa, kisha huhifadhiwa miaka na miaka pamoja na risiti za karo. Nyumba isiyo na kitabu kingine ila Biblia itakuwa na kumi vya aina hii. Mtu atakayeandika historia ya Nakuru bila ya kuvikusanya atakuwa ameandika historia ya ofisi.

* * *

Ziko nyumba ambazo albamu zake zina tarehe ya kuanzia upya. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoufikia mji huu, watu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wakiwa na watoto, godoro, na pengine hati ya shamba. Picha hazikuokolewa, kwa kuwa anayeukimbia moto haikumbuki harusi yake. Wenzao wa Molo walikuwa wamekwisha kuyaonja hayo mwaka 1992. Ni baada ya paa kupatikana na sufuria kununuliwa ndipo hasara hii nyingine ilipodhihirika, kwamba mama hana tena pa kuutazama uso wa mtoto aliyemzika zamani.

Jirani mmoja niliyezungumza naye juma hili aliirudisha albamu yake kwa njia moja tu: kuwaendea, mmoja baada ya mwingine, wale wote aliowahi kuwapa nakala. Alianza na dada yake aliyeolewa Nyahururu, akaja kwa mwenzake wa kwaya, akamalizia kwa familia aliyoilelea watoto ujanani. Zilizorudi ni zile alizozigawa. Zile alizozipenda mno hata akazifungia kabatini ziliteketea. Na zilirudi na habari zisizokuwa zake. Nyuma ya picha ya harusi, kwa mwandiko wa dada, aliyakuta maneno yanayosema kwamba viatu vyeupe vya bibi arusi vilikuwa vya dada huyo, ambaye siku ile alisimama safu ya nyuma, peku, nyasi zikimfika vifundoni, ili asionekane. Miaka yote aliyokuwa na nakala yake, jirani yangu alikuwa akiitazama picha ile asijue. Sasa, aliniambia akicheka, hawezi kuitazama pasipo kumtafuta dada miguuni.

* * *

Picha za nyumbani hutunza pia yale ambayo hakuna aliyekusudia kuyatunza. Karibu kila jamaa hapa ina picha ya matembezi katika hifadhi ya Ziwa Nakuru: watoto wamepangwa kwa urefu mbele ya lango, au ufukoni, heroe wametanda nyuma yao. Tangu takriban mwaka 2011 ziwa limekuwa likipanda, kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani limeingia majini, na maji mapya yakaizimua chumvi ambayo mwani unaoliwa na heroe hauwezi kustawi bila yake, ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mtoto wa leo akionyeshwa picha ya babu yake pale ufukoni hudhani ile rangi ya waridi ni kasoro ya kuosha picha.

* * *

Siku hizi albamu inakaa katika simu, na maonyesho yake hudumu saa 24 kisha yakafutika. Sina haja ya kulalama sana: binti aliye kazini Doha humwona mpwa wake akipiga hatua ya kwanza siku hiyo hiyo, na neema hiyo mama zetu hawakuipata. Sheria nayo imeamka. Ile ya kulinda data ya mwaka 2019 inaihesabu sura ya mtu kuwa katika habari zake za faragha, na mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Ni haki. Ila katika zama za kochi idhini hiyo ilitolewa na mwenye nyumba kwa kuchagua nani wa kuletewa albamu na nani wa kuletewa chai peke yake.

* * *

Hyrax Hill, mahali alipochimbua mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937, si mbali na kwetu. Huko yamefukuliwa makaburi ya watu wa kale na kuonekana mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani, na hakuna ajuaye hata jina moja la wachezaji. Wao wana udhuru wa karne nyingi. Sisi tunazo picha za mwaka 1974 ambazo ndani yake yumo mwanamume aliyembeba mama yetu mgongoni, akicheka, na hakuna nyumbani awezaye kusema ni nani.

Basi aliye na bibi hai na amwendee Jumapili hii na albamu, si na simu peke yake. Achukue kalamu ya risasi iliyo laini, kwa kuwa wino huchafua picha iliyolazwa juu yake na ncha ngumu huacha kovu upande wa pili. Aandike nyuma jina, mahali na mwaka. Bibi na babu wakibishana kuhusu mwaka, aiandike miaka yote miwili.