Usiku wa Mtoto Huanzia Mchana

Tunapotaja afya ya mtoto, wengi wetu hufikiria chanjo, chandarua na chakula bora. Ni wachache wanaofikiria usingizi. Lakini mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Katika saa hizo mwili haukai bure. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na ubongo huhifadhi yale yaliyosomwa mchana. Kijana anayekosa usingizi husinzia darasani, husahau upesi na hukasirika kwa jambo dogo.

Siku hizi mmoja wa wezi wakubwa wa usingizi huo ni michezo ya intaneti, ya kompyuta na ya simu. Mwanga wa kioo ulio karibu na macho huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Tena mchezo wenyewe hauna mwisho. Mpira wa miguu una dakika 90 na filimbi ya mwisho. Huku hakuna filimbi. Aghalabu vijana hucheza kwa vikundi, na anayeondoka katikati huonekana amewasaliti wenzake. Wachezaji walio wengi si wagonjwa. Lakini wapo wachache wanaoshindwa kabisa kujizuia, wakaacha masomo, chakula na jamaa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuiingiza hali hiyo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Je, serikali iingilie kati? Zipo zilizojaribu, na yafaa tujifunze kwao.

Korea Kusini ilitunga sheria mwaka 2011. Mtoto wa chini ya miaka 16 alikatazwa kucheza michezo ya intaneti kwenye kompyuta tangu saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Watu waliipachika jina la Cinderella, yule msichana wa hadithi aliyepaswa kuondoka kwenye dansi kabla ya saa 6 usiku. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba iliikubali. Hata hivyo mwaka 2021 serikali ilitangaza kuifuta, na ilikoma mwanzoni mwa 2022. Watoto walikuwa wamejifunza kuingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao. Tena sheria haikugusa michezo ya simu, na huko ndiko vijana walikohamia. Kilichobaki ni utaratibu ambao mzazi, au kijana mwenyewe wa chini ya miaka 18, huiomba kampuni imfungie mchezo kwa saa anazochagua.

China ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 iliwazuia walio chini ya miaka 18 kucheza tangu saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi. Septemba 2021 ikakaza kamba: saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kampuni ya Tencent ilianza kukagua nyuso za wachezaji usiku. Hata huko, wapo watoto waliopita kwa majina ya wazazi wao na babu zao.

Mimi sisemi kwamba serikali hizo zilikosea kujali. Kampuni inayopata faida kwa kumkesheza mtoto inastahili kuwekewa mpaka, na mpaka huo hauwezi kuwekwa na mama mmoja peke yake. Lakini naona sheria hizi zilitazama usiku tu, zikausahau mchana.

Fikirini maisha ya mwanafunzi wa Korea. Akitoka shule huenda kwenye masomo ya ziada ya kulipia. Katika mji wa Seoul ilibidi serikali ya mji iamuru madarasa hayo yafungwe saa 4 usiku. Mtoto anayefika nyumbani saa hiyo, atacheza saa ngapi? Na atacheza na nani, kama si na wenzake walio kwenye kompyuta? Ukimnyima mtoto mchezo wa mchana, atauiba usiku.

Msomaji atasema Korea ni mbali. Kweli ni mbali, lakini tuisheni tunayo, na simu tunazo. Wapo watoto wetu wanaotoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi jioni wakiwa na madaftari ya kazi nyingine. Uwanja waliokuwa wakichezea umejengwa maduka. Halafu tunashangaa kuona mwanga wa simu chini ya shuka.

Basi wazazi na walezi, tusingoje sheria. Kwanza, mpeni mtoto muda wa kucheza kila siku kungali mchana, nje, pamoja na wenzake. Pili, simu zote za nyumba zilale mahali pamoja usiku, na ya baba ikiwemo. Mtoto hataamini katazo ambalo mkubwa halishiki. Tatu, saa moja kabla ya kulala vioo vizimwe, na familia ikutane kwa mazungumzo na sala ya jioni. Nne, kijana akishindwa kuacha mchezo kwa miezi mingi hata maisha yake yakaharibika, asipigwe wala kuaibishwa. Apelekwe kwa mganga hospitalini, kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mwenyezi Mungu aliutenga mchana na usiku, akaona ni vema. Serikali yaweza kusaidia kuulinda usiku wa mtoto. Kumrudishia mchana wake ni wajibu wetu sisi tunaoishi naye.