Kipimo cha laktati kifike kila wilaya

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura, na ombi langu ni moja: kila hospitali ya wilaya iwe na kipimo cha laktati.

Mama aliyejifungua juzi analetwa akitetemeka. Anaongea, presha haijashuka sana, na foleni ni ndefu. Kumbe ni sepsisi: mwili unapambana na maambukizi hadi unaumiza viungo vyake wenyewe. Kwa makadirio ya mwaka 2017, vifo milioni 11 duniani vilihusiana na hali hii, vingi vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Laktati, kemikali inayopimwa kwenye damu, humfichua mgonjwa wa namna hii mapema. Ikizidi milimoli 2 kwa lita, hatari ya kifo huongezeka. Ikishuka baada ya tiba, matumaini hupanda. Kifaa cha mkononi, kitepe cha kupimia na tone la damu vinatosha.

Wapo wanaohofia kwamba namba kubwa itatufanya tumkatie mgonjwa tamaa. Hapana. Laktati hupanda hata kwa degedege au ini likiugua, hivyo namba pekee si hukumu. Kazi yake ni kutuambia nani asisubiri: apewe antibiotiki haraka, dripu kwa uangalifu, na rufaa mapema.

Wizara ikinunua vifaa, inunue na vitepe vyake kila mwaka. Kifaa kisicho na vitepe hakimsaidii mgonjwa yeyote.