SHUKRANI YA BASTOLA

Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Leo naomba ruhusa yao niwapinge kidogo.

Huko Texas, Marekani, sheria ya mwaka 1995 iliwaruhusu raia kubeba bastola iliyofichwa, mradi wawe na leseni. Ada ilikuwa dola 140, na mwaka 2017 ikashushwa hadi 40. Mwanajeshi wa zamani aliyeondoka jeshini kwa heshima hutozwa 25 tu. Tangu 2021 watu wazima wengi huko hubeba hata bila leseni, lakini leseni zingali zinatolewa, na punguzo lipo.

Wenzangu darasani husema, "Si haki yake? Ameitumikia nchi, na bunduki anaijua!" Kweli, kutumia bunduki anajua kutushinda sisi sote.

Lakini jamani, shida si shabaha! Marekani, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi hujiua wenyewe. Wanajeshi wa zamani wanaojitoa uhai, wengi wao hutumia bunduki. Mtu ametoka vitani, usiku usingizi haji, nasi twamshukuru kwa kumpunguzia bei ya bastola?

Hospitali zao zipo, sikatai. Basi katika mafunzo yale ya leseni, kabla ya kufurahia punguzo, awepo mtu wa kumwuliza taratibu, "Ndugu, siku hizi walala?" Swali hilo halina ada, na kwangu mimi ndiyo shukrani ya kweli.

Je, mwenzangu, wewe waonaje?