Wanawake na Mbio za Ufaransa

Wako watu wasemao kwamba mwanamke hakuumbwa kwa safari ndefu ya baiskeli. Ushahidi wao ni Tour de France, mashindano ambayo safari yake hugawanywa kwa hatua, na muda wa kila hatua ukajumlishwa; mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mwaka 2025 wanaume walikwenda hatua 21, wanawake 9. Basi, husema, hesabu imekwisha.

Haikwisha. Ni nani aliyezipanga hizo 9? Si mapafu ya wanawake wala magoti yao, bali wenye mashindano. Mwaka 1984 wanawake walipewa hatua 18, mwezi uleule wa Julai. Kweli, masafa yao ya kila siku yalikuwa mafupi kuliko ya wanaume, walakini milima mirefu waliipanda, na hata Paris wakafika. Aliyeshinda ni Marianne Martin wa Marekani. Alipewa kikombe na dola zipatazo 1,000. Laurent Fignon, mshindi wa wanaume, alipata zaidi ya dola 100,000.

Baada ya 1989 wenye Tour waliyaacha mashindano ya wanawake. Wengine walijaribu kuyaendeleza kwa majina mengine na kwa fedha haba. Yaliporudi mwaka 2022, yalikuwa na hatua 8, na mshindi, Annemiek van Vleuten, alipata euro 50,000, mwanamume, 500,000. Mtu akikatiwa shamba dogo, je, ni haki kumcheka kwa mavuno madogo?

Hujibu: watazamaji hawapo. Na watatazamaje kisichoonyeshwa? Mwaka 2024 kilionyeshwa. Siku ya mwisho Demi Vollering wa Uholanzi alifika wa kwanza kileleni Alpe d'Huez, akasimama kungoja saa iseme. Kasia Niewiadoma wa Poland akaja nyuma yake, akijikokota, naye akashinda mashindano yote kwa sekunde 4! (Mimi kilima kidogo tu hunishusha, nikaisukuma baiskeli.) Asemaye kwamba mbio kama hizo hazina ladha, huyo hakuzitazama.

Kwa hiyo wanaoshikilia kwamba mwanamke hawezi hatua 21, nawaomba jambo moja tu: waziweke hizo 21, kwa zawadi iliyo sawa, kisha wasimame kando ya barabara na saa zao mkononi.