Kikapu hakikuulizi cheti!

Natumaini mikono yako yote miwili ina nguvu, maana wiki hii nina shughuli nayo.

Kuna dada mmoja, aliyemaliza Fomu Foo kama mimi, kaniuliza: "Hivi we shoga, unakaa barazani unasuka ukili kama bibi kizee, watu hawakucheki?"

Wanacheka sana tu! Msomi wa Kemia na Jiografia akionekana na ukindu mapajani, mtaa mzima unajua mambo yamemwendea kombo. Lakini hao hao wanaocheka asubuhi ndio wanaokuja jioni kuuliza, "Eti, hicho kikapu bei gani?"

Kumbuka, tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Tangu hapo kikapu kimerudi mjini kwa heshima zake. Sasa we unangoja nini?

Haya, tuingie kazini. Ukindu ni majani machanga ya mkindu. Yanaanikwa juani mpaka yakauke na kuwa meupe, halafu yanachanwa. Ukitaka rangi, unayachemsha pamoja na rangi. Bibi zetu wa Pwani weusi waliupata kwenye mizizi ya mdaa, dukani hawakwenda. Kabla ya kusuka nyunyizia maji kidogo, maana ukindu mkavu unakatika mikononi. Utepe mrefu unaousuka ndio ukili wenyewe. Unaushona kwa sindano ya magunia, unaanzia kitakoni na kuzunguka kwenda juu, mwisho unatia mikono ya kushikia.

Unaona kazi kubwa? Basi usianze na kikapu. Chukua nyuzi tatu, suka kama unavyosuka nywele, urefu wa kutosha. Viringisha kama konokono huku ukishona kila mzunguko. Umepata kitu cha kuwekea sufuria ya moto mezani! Siri ni moja tu: nyuzi ziwe na upana sawa, la sivyo kitakwenda upande. Anza na kidogo unachoweza kukimaliza, kwani kazi iliyolala chini ya kitanda nusu nusu ndiyo inayokatisha tamaa.

Usiniambie kwenu hakuna mkindu. Kina mama wa Iringa wanasuka kwa milulu, na vikapu vyao vinanunuliwa mpaka Ulaya. Hakuna mzungu aliyeuliza msukaji alipata divisheni ngapi. Tanga kuna katani, Bukoba kuna migomba. Tumia ulicho nacho. Na nyie kaka zangu, msijifiche nyuma ya neno "kazi ya wanawake". Mbona makatambuga ya tairi mnachonga nyie na tunavaa wote?

Sasa sikia neno langu la mwisho, ndilo zito. Ukianza kuuza, hesabu siku zako! Tuseme ukindu na rangi vimekugharimu shilingi 3,000, umesuka siku nne, halafu umeuza shilingi 5,000 kwa kuwa mteja kalalamika. Faida yako ni shilingi 2,000, yaani umejilipa shilingi 500 kwa siku. Hiyo hata chai na chapati haitoshi! Halafu unasema kazi za mikono hazilipi. Zinalipa, ila wewe ndiye hujilipi. Mteja akikwambia "si majani tu hayo", mwambie kwa upole majani yapo porini, akachume asuke mwenyewe. Utaona anavyofungua pochi.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeuliza, waache wacheke. Kucheka hakujazi chungu. Kama una bibi anayejua kusuka, mfuate wiki hii hii, kaa naye mkekani, mwangalie vidole. Elimu yake haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha shule, na akiondoka anaondoka nayo.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, nitawaletea habari za kufuma vitambaa vya makochi. Alamsiki!