Bamba Moja Zaidi



Anayesimama asubuhi karibu na soko la samaki la Malindi, hapa Mji Mkongwe, hakosi kuiona HiAce ya zamani iliyoinama nyuma kwa uzito, maji ya chumvi yakichuruzika kutoka kwenye makasha hadi kwenye springi. Juma hili tunaomba tutafakari juu ya magari ya namna hiyo, kwa kuwa ndiyo yanayowabeba pia watoto wetu na wazee wetu.

Tuanze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita gari letu lilipoanza kuyumba, fundi alituuliza: "Padri, tuongeze bamba moja la springi?" Tulikubali upesi, maana tuliona nafasi ya kupakia zaidi. Gari lilisimama juu kweli, likapendeza. Lakini katika kona moja yenye mashimo, njiani kuelekea Mahonda, sehemu ya nyuma iliruka kando, na wanakwaya waliokuwa wakiimba wakanyamaza ghafla. Ukimya ule hatujausahau.

Kosa halikuwa la fundi, alitenda tulichotaka. HiAce nyingi za kizazi kilichoanza mwaka 1989 nyuma hubebwa na bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Springi hubeba uzito. Shokapu hutuliza mtikisiko. Anayeongeza bamba huku shokapu zimechoka amelipa gari nguvu ya kuruka, hakulipa nguvu ya kutulia. Tena baadhi ya magari haya yana vali ya breki inayofuata kimo cha nyuma. Nyuma ikiinuliwa bila vali hiyo kurekebishwa, gari lililojaa huhesabiwa kuwa tupu, na breki za nyuma hupungukiwa nguvu wakati zinapohitajika zaidi.

Basi maoni yetu ni haya: gari kuukuu lirudishiwe uzima wake kabla ya kuongezewa nguvu. Kwanza yatazamwe matairi na upepo wake. Kisha bushi na viungo vya usukani vilivyolegea. Kisha shokapu, zibadilishwe mbili mbili, kulia na kushoto pamoja. Alaimenti iwe ya mwisho, kwa maana kuipima wakati viungo vinacheza ni kupoteza fedha. Magari yanayobeba samaki yaoshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kabla kutu haijala bamba. Na mizigo mizito ishushwe kutoka kwenye keria, kwani uzito ulio juu hulivuta gari kupinduka.

Tunajua fedha ni chache, na dereva anadaiwa hesabu kila jioni. Lakini abiria hachungulii chini ya gari kabla ya kupanda. Hupanda kwa kutuamini, na imani hiyo ndiyo mzigo mzito kuliko yote tunayopakia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika jambo hili, ukuta wenyewe ni uhai wa mtu.

Sisi tuliliondoa lile bamba, tukanunua bushi na shokapu mpya, tukapunguza abiria. Kwaya sasa husafiri kwa awamu mbili, na mara nyingine ibada huchelewa kidogo kuanza. Tunaomba mtuvumilie.